Mtoto wa Parokia: Tuliposoma Oliver Twist Pamoja na Kidato cha Pili



Wiki hii tunaomba ruhusa yenu tuyaweke kando masomo ya Dominika, tuzungumze juu ya kitabu cha hadithi. Tumetoka darasani, na tuliyoyaona huko yametukosesha usingizi.

Mwalimu wa Kiingereza wa shule moja ya sekondari ya kutwa, miongoni mwa zile zinazotuzunguka, alitualika tuketi na wanafunzi wake wa kidato cha pili. Walikuwa wakisoma Oliver Twist, riwaya ambayo Charles Dickens aliitoa kwa sehemu sehemu huko Uingereza kati ya mwaka 1837 na 1839. Walitumia toleo lililofupishwa, nakala moja kwa wanafunzi watano. Mwalimu ni mtu mwema na mwenye bidii. Aliandika ubaoni, kama tulivyofundishwa sote, sifa za mhusika mkuu: kwanza, ni yatima, pili, ni maskini, tatu, ni mtiifu. Wanafunzi wakanakili. Ndipo sauti ikasikika kutoka madawati ya nyuma ikilitaja jina la binti mmoja wa darasa hilo, na kicheko kikafuata. Binti yule alilaza kichwa juu ya daftari lake, asikiinue hadi kengele ilipolia.

Siku ya tatu bibi yake alifika nyumbani kwa mapadri. Alikataa kiti, akasema akiwa amesimama: "Baba Paroko, huyu mjukuu wangu nyumbani ana jina lake. Hakuna anayemwita yatima. Kwa nini shuleni wamfundishe kuwa yatima?" Aliomba kitabu kile kiondolewe. Mwalimu naye, tulipomweleza, alikuwa tayari kukiacha, maana katika darasa lile watoto wanaolelewa na bibi, shangazi au kaka hawapungui kumi.

Tumelitafakari ombi la bibi yule kwa heshima kubwa. Maoni yetu ni kwamba kitabu kisiondolewe. Lakini tunakiri kwamba kimefundishwa kinyume, na kosa hilo si la mwalimu peke yake.

Tuanze na kosa dogo. Uyatima si sifa ya mtu. Utiifu ni sifa, ukarimu ni sifa, uvivu nao ni sifa. Kufiwa ni jambo lililompata mtu, kama mvua inavyomkuta msafiri njiani. Anayeandika ubaoni kwamba yatima ni sifa ya kwanza ya Oliver anawafundisha watoto kumtazama mwenzao kwa kile alichonyang'anywa. Maandiko Matakatifu hayafanyi hivyo. Esta alifiwa na baba na mama, akalelewa na Mordekai. Lakini tunamkumbuka kwa ujasiri wake mbele ya mfalme.

Kosa kubwa ni hili: tumedhani kwamba kitabu kinamchunguza Oliver, na kumbe kinatuchunguza sisi. Wachache wanajua kwamba riwaya hii ilikuwa na jina la pili. Dickens aliiita pia safari ya mtoto wa parokia. Ndiyo, wapendwa, mtoto wa parokia! Katika Uingereza ya wakati ule parokia haikuwa mahali pa ibada tu. Ilikuwa pia na wajibu wa kisheria wa kuwatunza maskini. Sheria mpya ya mwaka 1834 iliziunganisha parokia katika miungano, na maskini wakapelekwa katika nyumba maalumu ambamo chakula kilikuwa kidogo kwa makusudi, ili mtu asitamani kuingia. Oliver alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, na mama yake akafa palepale. Jina lake la ukoo alipewa na Bwana Bumble, mtumishi wa parokia, aliyekuwa akiwagawia watoto wasiojulikana majina kwa kufuata mpangilio wa alfabeti. Aliyetangulia alipewa jina la herufi S. Oliver akapata la T.

Tusikimbilie kusema kwamba zile zilikuwa parokia za Waanglikana wa zamani na hazituhusu. Neno ni lile lile, na Bwana Bumble anaweza kuvaa kanzu ya dhehebu lolote.

Sehemu inayokumbukwa na kila msomaji ni ile ya uji. Watoto walipewa uji mwepesi, kijiko kwa kijiko, wakayasugua mabakuli kwa vijiko hadi yakang'aa. Njaa ilipowazidi, walipiga kura ni nani aende kuomba aongezwe, na kura ikamwangukia Oliver. Hapa tuliwauliza wanafunzi: je, Oliver alikuwa mlafi? Wakajibu kwa pamoja kwamba hapana, alitumwa na wenzake. Na waheshimiwa wa bodi, walioshiba, walifanya nini? Walishtuka kana kwamba nyumba inaungua. Mmoja wao akatabiri kwamba mtoto yule atakuja kunyongwa. Asubuhi yake likabandikwa tangazo langoni: yeyote atakayemchukua Oliver atalipwa paundi 5.

Ndipo binti yule aliyekuwa amelaza kichwa akanyosha mkono. Akauliza: "Baba Paroko, wale wazee wa bodi walikuwa Wakristo?"

Tulijibu kwamba ndiyo, walikuwa wamebatizwa. Hatukuongeza neno, kwa sababu tulikuwa tumekumbuka kikao kimoja.

Wapendwa, tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne, na tunashukuru. Lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki kuwa wajibu wa mzazi. Kwa hiyo shule huomba michango ya mahindi, maharage, kuni na fedha ya mpishi. Katika kikao kimoja cha shule, ambacho sisi tulihudhuria kama mjumbe, wazazi walilalamika kwamba wanaochanga ni wachache na wanaokunywa ni wote. Ikapendekezwa kwamba asiyechangiwa asipewe uji. Paroko wenu alikuwepo. Hatukupinga. Tulisema utaratibu ni utaratibu, tukafunga kikao kwa sala, tukaenda kula.

Miezi michache baadaye dhamiri ilitusuta, tukaomba yatima wasamehewe mchango. Ilikubaliwa. Lakini ili wasamehewe, ilibidi waandikwe. Na orodha ilipokamilika, ikasomwa mstarini mbele ya shule nzima. Kuanzia siku ile baadhi yao waliacha kwenda na kikombe jikoni. Binti wa darasa letu ni mmoja wao. Tulidhani tumempa uji, kumbe tumempa jina la pili, kama Bwana Bumble.

Hatulisemi jambo hili ili kuwalaumu wazazi waliolalamika. Hoja yao ina uzito. Mkulima wa Biharamulo aliyepata magunia manne ya mahindi ana haki ya kuuliza kwa nini jirani yake mwenye ng'ombe hachangi. Wakinywa wote bila kuchanga, sufuria itakauka, na hapo hatanywa yeyote. Lakini deni la mtu mzima halidaiwi katika kikombe cha mtoto. Mwenye ng'ombe aitwe ofisini yeye mwenyewe. Mtoto wake asisimamishwe kando ya sufuria akiwatazama wenzake.

Wala tusidhani uji ni jambo dogo. Sisi wa Kagera tunajua uyatima kuliko wengi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takriban saa 24, wakiikimbia Rwanda; tulikuwa vijana wadogo wakati huo, na hatujawasahau watoto waliotembea pasipo mtu wa kuwashika mkono. Watafiti nao walizifuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huu kuanzia mwaka 1991, wakarudi mwaka 2004 kuwatafuta wale waliokuwa watoto. Waligundua kwamba waliompoteza mama kabla ya kutimiza miaka 15 walipungukiwa, kwa wastani, takriban sentimita 2 za kimo na mwaka mmoja wa masomo. Sentimita hizo hazirudi. Ni uji ambao haukunyweka kwa wakati wake.

Turudi kwa Oliver. Alipotoroka na kufika London akiwa hoi, aliyemkaribisha, akampa soseji za moto na mahali pa kulala, alikuwa Fagin, mzee aliyewafundisha watoto kuiba mifukoni. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Dickens anatuonyesha ulimwengu huo: hauanzi kwa fimbo, huanza kwa sahani. Pale ambapo parokia imefunga jiko, mwizi huwasha moto. Sisi nasi tunawajua watoto wanaokesha Lusahunga na Nyakanazi wakiwauzia madereva wa malori. Tunawajua mabinti wanaochukuliwa kwenda mijini kufanya kazi za ndani, na mlezi akaachiwa fedha kidogo ya sabuni. Kuna tofauti gani na zile paundi 5?

Mwalimu atakayekitumia kitabu hiki aseme pia kasoro zake. Dickens alimtaja Fagin mara nyingi kwa kabila lake la Kiyahudi, kana kwamba uovu wake ulitokana na damu. Mama mmoja Myahudi alimwandikia mwaka 1863 akimlaumu, na Dickens, kwa sifa yake, aliyafuta mengi ya maneno hayo katika chapa ya mwaka 1867. Kanisa letu nalo, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, lilikataa waziwazi chuki dhidi ya Wayahudi. Mtoto ajifunze kwamba hata mwandishi mkubwa huonywa, na kwamba ni heshima kusahihisha.

Kasoro ya pili ni mwisho wa hadithi. Oliver anagundulika kuwa mtoto wa mtu mwenye mali, na urithi wake unapatikana. Watoto wetu hawana wosia uliofichwa popote. Kwa sababu hiyo tunawaomba walimu wasimpite haraka mhusika mdogo aitwaye Dick. Huyu naye ni mtoto wa parokia, mgonjwa, asiye na siri ya utajiri. Alfajiri ile Oliver alipokuwa akitoroka, Dick alipanda lango fupi, akamkumbatia na kumwombea baraka ya Mungu. Dickens anaeleza kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa Oliver kuombewa baraka na mtu yeyote. Hakuibariki safari yake paroko, wala mjumbe wa bodi, bali mtoto mwenye njaa kama yeye. Oliver aliporudi na mali ili amchukue, Dick alikuwa amekwisha kufa. Mali ilichelewa.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, Mungu anaagiza kwamba kila mwaka wa tatu fungu la kumi liwekwe ndani ya malango ya mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wapate kula na kushiba. Angalieni, ndugu zangu: haikuagizwa waonje, imeagizwa washibe. Kuomba kuongezwa si utovu wa adabu; ni kudai kile ambacho Mungu alikwisha kukiagiza. Na mtume Yakobo anaiweka dini iliyo safi katika kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao.

Basi tunaomba mambo matatu. Walimu wetu, endeleeni kukisoma kitabu hiki, lakini badilisheni swali la ubaoni. Badala ya sifa za Oliver, ulizeni sifa za wale waliokaa mezani. Walezi, msiogope hadithi hii. Mtoto anayefahamu kwamba aibu ni ya wenye bodi hatalaza tena kichwa juu ya daftari. Na ninyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mchango wa uji wa kila mtoto wa jumuiya yenu aliyekosa wa kumchangia utolewe na jumuiya, kwa jina la jumuiya, bila orodha kusomwa popote. Mtoto apange foleni kama wenzake, na mpishi asijue kikombe kipi kimelipiwa na nani.

Sisi wenyewe tumeandika barua ya kuomba kikao kile kiitwe tena. Tutasimama na kusema kwamba tulinyamaza, na kwamba tulikosea. Hatujui kama hoja itapita. Bibi yule tumemweleza haya yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema: "Baba Paroko, nitakuamini nikiona kikombe chake kinarudi kimelowa."

Mtuombee, nasi tunawaombea. Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu.