Cha Kutazama, Cha Kusikiliza na Cha Kuvaa



Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka imeingia, watoto wako nyumbani kutwa, na baada ya kila darsa ya akina mama maswali yanayotufikia ni yale yale. Watoto watazame nini? Wasikilize nini? Binti yangu ataka nguo aliyoiona kwenye simu, nimwambieje? Jibu jepesi ni kukataza, na makatazo yana mahali pake katika malezi. Lakini mtoto aliyenyang'anywa kitu asipewe kingine mahali pake, hukirudia kile kile usiku, shuka imemfunika uso. Na simu haikatazi. Kazi ya simu ni kupendekeza. Akimaliza kimoja huletewa cha pili, na cha pili huleta cha tatu, na anayemchagulia si mama, si baba wala mwalimu wa chuo, bali ni mashine isiyomjua mtoto huyo wala haitaulizwa juu yake Siku ya Kiyama. Sisi tutaulizwa.

Basi wiki hii nasi tutapendekeza. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba anayetakwa ushauri amepewa amana, na kwa hivyo tutakayoyataja hapa tumeyatazama na kuyasikiliza wenyewe, wala hatukupokea kwa muuzaji yeyote hata kofia moja.

Tuanze na cha kutazama, maana ndicho kinachogombaniwa. Filamu ya The Message, aliyoitengeneza Moustapha Akkad na kuitoa mwaka 1976, hatutairefusha. Wengi wenu mmeiona mara zisizohesabika, na wako watoto wanaomjua Sayyidna Hamza (r.a.) kwa sura ya Anthony Quinn, jambo ambalo latutia wasiwasi kidogo. Mwenye kuitazama tena na aitazame, kisha awasomee watoto sira kitabuni.

Tunayoipendekeza kwa moyo mkunjufu ni Children of Heaven, ya mtengenezaji wa Kiirani, Majid Majidi, iliyotoka mwaka 1997. Kisa chake ni jozi moja ya viatu. Mtoto aitwaye Ali, wa nyumba maskini mjini Tehran, ametumwa kwa fundi kuvishonesha viatu vya dada yake mdogo, Zahra. Njiani asimama kununua viazi, aviweka viatu pembeni, na mpita njia anayezoa taka avichukua bila kujua. Baba hana pesa, mama ni mgonjwa, kodi ya nyumba imelimbikizwa. Watoto hawa wawili wafanya shauri lao wenyewe: hawatamwambia mtu. Zahra atavaa raba za kaka yake kwenda shule asubuhi, kisha atakimbia hadi kichochoroni ampe, naye Ali azivae akimbie shule ya mchana. Mazungumzo yao wayaandika katika daftari mbele ya baba yao, kana kwamba wafanya kazi ya shule.

Hiyo ndiyo filamu yote. Haina bastola, haina jambo la kumfanya mama aruke kuizima, na bado tuliwaona vijana wetu, wasiotulia hata katika khutba, wametulia. Yako mambo mawili ndani yake ambayo twawaomba wazazi msiyapitishe hivi hivi. La kwanza: siku moja Zahra aviona viatu vyake miguuni mwa msichana mwingine shuleni. Yeye na kaka yake wamfuata hadi kwao, tayari kudai haki yao. Mlangoni wamwona baba wa msichana yule, naye ni kipofu. Watoto watazamana, hawasemi neno, warudi kwao. Izimeni filamu hapo kwa dakika chache mwaulize watoto wenu: kwa nini hawakudai? Mtashangazwa na majibu.

La pili ni dogo, laweza kumpita mtazamaji. Baba yule aketi nyumbani akikatakata sukari ya msikiti itakayotumiwa kwa chai ya waumini. Mtoto amletea chai, naye aulizia sukari. Mtoto amwambia, si hii hapa mbele yako, tele? Baba amjibu kwamba hiyo ni ya msikiti. Nyumba haina kodi, haina viatu, na haichovi kipande kimoja cha sukari isiyo yake. Tumesoma vitabu vingi juu ya amana na tumetoa darsa nyingi zaidi, na hatudhani tumewahi kulifikisha jambo hili kwa mtoto wa miaka minane kama lifikavyo hapo. Yuko atakayesema: lakini hao ni Wairani, na madhehebu yao mwayajua. Ndugu yetu, hatukupendekeza madhehebu, tumependekeza ile sukari.

Lugha yake ni Kifarsi, na tafsiri ya Kiingereza hupita chini ya picha. Mkubwa amsomee mdogo.

Ya pili ni kwa mabinti walioanza kukua pamoja na mama zao, na hapa twajua si wote watakaokubaliana nasi. Ni Wadjda, ya mwaka 2012, iliyotengenezwa Riyadh na mwanamke wa Kisaudia, Haifaa al-Mansour. Msichana wa miaka 10 aitamani baiskeli, naye aambiwa baiskeli si ya wasichana. Atangaziwa mashindano ya Qur'ani yenye zawadi ya pesa, ajiandikisha, na aingia katika kuhifadhi kwa bidii ambayo walimu wake hawakuitarajia. Ashinda. Aulizwa mbele ya watu pesa atazifanyia nini, naye asema kweli: atanunua baiskeli. Zawadi yaondolewa mikononi mwake papo hapo.

Tumeulizwa kama filamu hii yaitukana dini. Tumeitazama mwanzo hadi mwisho, na jawabu letu ni hapana. Yazikosoa ada za watu, nazo ada si dini. Mwaka 2013 wanawake wa nchi ile ile waliruhusiwa kupanda baiskeli katika bustani, kwa masharti, na mwaka 2018 wakaruhusiwa kuendesha gari. Na sharia ya Mwenyezi Mungu haikubadilika hata herufi kati ya miaka hiyo. Sisi tunaogawa zawadi katika mashindano ya Qur'ani kila Ramadhani yatupasa kuitazama zaidi ya wengine. Mtoto aliyehifadhi kwa kutaka baiskeli, nia yake yahitaji kulelewa taratibu mpaka isafike. Akiaibishwa jukwaani, ataiacha baiskeli na huenda akauacha na msahafu. Na akina baba pia waitazame. Mle ndani yumo mke anayesubiri simu ya mumewe ilhali harusi ya mke wa pili yapangwa, na uso wa mama yule watosha kuwa darsa juu ya uadilifu ambao sharia imeuwekea ndoa hiyo sharti.

Tuje kwenye cha kusikiliza. Twajua kwamba wanazuoni wamekhitalifiana juu ya ala za muziki, na jamhuri yao wamezikataza isipokuwa dufu na mfano wake. Hatukuja leo kuufungua mlango huo. Twakumbusha tu kwamba siku ya Idi wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha (r.a.), na babake Abubakar (r.a.) alipowakemea, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, kwa kuwa ilikuwa ni Idi. Nyumba ya Mwislamu si nyumba ya kimya. Sauti ya mwanadamu pamoja na dufu ni uwanja mpana, na humo ndimo tutakamoishia.

Qur'ani tukufu si nyimbo wala hatuiweki katika safu hii, lakini kwa kuwa watoto wako nyumbani, tafuteni usomaji wa Sheikh Muhammad Siddiq al-Minshawi ule wa kufundishia, ambao yeye husoma aya na watoto huirudia baada yake. Uwekwe asubuhi wakati wa chai. Mtoto atajikuta akirudia nao bila kuambiwa.

Kwa vijana waliozoea nyimbo za kisasa, Maher Zain, Mswidi mwenye asili ya Lebanon aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 2009, ana nyimbo zinazopatikana pia kwa sauti tupu bila ala. Tafuteni hizo. Si kila neno lake lina uzito, lakini kijana atamsalia Mtume akiwa jikoni anaosha vyombo, na hilo si haba.

Pendekezo letu kubwa, hata hivyo, liko karibu zaidi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, naye ni mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia. Miaka miwili hivi baadaye akafariki. Utendi huo wa beti zaidi ya 100 ulisomwa kwa sauti na mabibi zetu, wengi wao wakiujua kwa moyo, na leo mabinti wetu wausoma shuleni kama swali la mtihani, kama wausoma. Tafuteni bibi mmoja katika ukoo anayejua mahadhi yake, mumketishe, awasomee wajukuu, na simu ile ile tuilaumuyo itumike kumrekodi kabla hajaondoka nao. Tumewasikia wasichana wa siku hizi wakilalamika kwamba wasia ule wamtaka mke atii kupita kiasi. Waacheni walalamike, na waacheni wajibizane na bibi yao. Maneno yanayobishaniwa sebuleni baada ya zaidi ya miaka 160 yangali hai.

Na wanaotaka sauti ya zama zetu, Lamu haijanyamaza. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi, ametunga tungo nyingi za malezi, na Wasiya wa Mabanati, utungo wake wa kuwanasihi mabinti, ulisambaa kwa kaseti kutoka nyumba hadi nyumba. Kama mna kaseti za zamani kabatini, zihamisheni kwenye simu. Joto letu la Pwani haliuhurumii ule utepe.

Sasa cha kuvaa, na hapa tutasema na mifuko. Masharti ya vazi la mwanamke wa Kiislamu mwayajua: lisitiri, lisibane, lisiangaze. Baada ya hapo sharia imetuachia nafasi pana, na hakuna aya wala hadithi inayolazimisha rangi nyeusi, wala inayosema abaya njema ni ile iliyopandishwa ndege Dubai. Mabibi zetu walivaa buibui la kamba, nalo leo twaliona katika picha zaidi kuliko barabarani. Hatumtaki mtu alirudie. Twauliza tu: binti akionyesha nguo kwenye simu, kwa nini isichukuliwe ile picha ikapelekwa kwa fundi wa kike wa mtaani mwenu, akaipima kwa mwili wake, akaziongeza mikono na kuupunguza mbano? Wako wasichana waliotoka katika vyuo vya ushonaji wenye vipaji vyao na cherehani moja sebuleni, wanaobuni abaya, madera na mitandio ya aina yake, na wateja wao hawafiki kumi. Nguo yao yaweza kuzidi bei kidogo kuliko ile ya mitumba au ya kontena. Lakini ikipasuka, aliyeishona mwamjua nyumba yake.

Leso hatuna haja ya kuwapigia debe. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, liko katika biashara hii Mombasa tangu 1887, na mwaijua njia ya kwenda Biashara Street kuliko sisi. Neno moja tu: someni jina kabla ya kununua ya zawadi. Tumewahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa mawifi ulioanzia kwenye leso, na mnunuzi akaapa kwamba alipenda rangi tu.

La mwisho ni kofia, na hili ndilo twalitilia mkazo. Kofia nyeupe ya mkono, ile ya vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, yaweza kuchukua miezi. Wanaozishona wengi ni wanawake, aghalabu majumbani mwao, baada ya kupika na kabla ya kulala, na miongoni mwao wako wajane wanaosomesha watoto kwa sindano hiyo. Sokoni imekaa karibu na kofia ya mashine ambayo kwa mbali huwezi kuitofautisha, na bei zao haziko karibu. Mteja huipapasa ile ya mkono, huisifu, kisha huondoka na ile nyingine, au humkalia mshonaji kwa kupunguziwa mpaka miezi yake yote yageuka kuwa bei ya nauli.

Pendekezo letu ni hili. Kila nyumba yenye uwezo iagize kofia moja tu ya mkono kwa ajili ya Idi, moja kwa moja kwa mshonaji, bila dalali. Mpeni nusu ya bei mnapoagiza, maana uzi na kitambaa anavinunua yeye, na nusu ya pili siku ile ile anapowakabidhi, si baada ya mshahara. Agizeni sasa. Anayekuja kuagiza katika Shaaban amtaka mwanamke aliyefunga akeshe macho yake yaume. Na msikadirie ukubwa kwa kofia ya zamani, maana hunywea ikifuliwa: zungusheni uzi kichwani, juu kidogo ya masikio, mufunge fundo, na mumpelekee huo uzi.