Kitambi si Cheo

Wahenga walituachia methali isemayo: samaki mkunje angali mbichi. Ni methali ya hekima kwa mlezi wa watoto, lakini siku hizi imegeuzwa kuwa kisingizio cha watu wazima. Mtumishi wa ofisi mwenye umri wa miaka 45, akihimizwa kunyoosha viungo, hujibu kwa kicheko kwamba samaki wake amekwisha kukauka. Kisha hupanda bodaboda kwenda mahali ambapo miguu yake ingemfikisha kwa dakika 10. Leo twapenda kusema na watu wa umri huo, wa Masasi na Newala na vilevile wa Unguja na Pemba, pamoja na viongozi wanaowasimamia, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito kuliko kicheko hicho.

Kwanza, si kweli kwamba samaki huyo hakunjiki. Mwaka 1990, katika mji wa Boston huko Marekani, watafiti waliwapa wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Wazee 9 walimaliza wiki 8 za mazoezi hayo, na nguvu za misuli yao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ikiwa mtu wa miaka 90 aweza kuongeza nguvu, mtu wa miaka 45 ana udhuru gani?

Pili, mwili usiotumika haungoji uzee ndipo uanze kupungua. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya umri wa miaka 30, na kukaa kitako huharakisha upungufu huo. Yanayofuata twayajua majumbani mwetu: shinikizo la damu, kisukari, kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila watatu duniani hafikii kiasi cha mazoezi kinachohitajika. Kiasi chenyewe si cha kutisha: angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaoharakisha pumzi, yaani nusu saa kwa siku 5, pamoja na siku 2 za mazoezi ya kujenga misuli.

Hapana shaka hasara ya jambo hili si ya mtu mmoja. Mtu wa makamo ndiye nguzo ya nyumba. Juu yake wapo wazazi waliozeeka, na chini yake wapo watoto wanaosoma. Akianguka kwa kiharusi, pato la nyumba hukatika siku ile ile, na mmoja wa jamaa hulazimika kuacha shughuli zake ili amwuguze. Hospitali nayo hupata mgonjwa wa miaka mingi, na ofisi hupoteza mtu mwenye uzoefu ambao haupatikani kwa tangazo la nafasi za kazi.

Hata hivyo, wengi wetu tungali twakiheshimu kitambi. Mtu akinenepa twampongeza kwamba mambo yake yamemnyookea. Akikonda kwa mazoezi twamwuliza kama anaumwa. Bosi anayetembea kwa miguu huhurumiwa kana kwamba amefilisika. Fikra hizi hazina budi kuondoka. Kitambi si cheo, wala gari si kipimo cha utu.

Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka huko ng'ambo. Mwaka 2017, katika mji wa Hamburg, Ujerumani, yalianzishwa mashindano ya viungo yaitwayo HYROX, ambayo hufanyika ndani ya kumbi kubwa za maonyesho. Mshindani hukimbia kilomita 1, kisha hufanya zoezi moja la nguvu. Hurudia hivyo mara 8. Baadhi ya mazoezi hayo ni kusukuma na kuvuta kigari kizito kisicho na magurudumu, kuvuta makasia ya mashine, kubeba mizigo miwili mikononi kwa mita 200, na kwenda mita 100 kwa kupiga goti kila hatua huku mfuko wa mchanga ukiwa mabegani. Katika daraja la kawaida, mwanamume hubeba kilo 24 kila mkono, na mwanamke kilo 16. Washindani hupangwa kwa umri, na wengi wao si wanariadha bali ni watu wenye kazi zao, ambao hujiandaa kwa miezi kadhaa ili wafike mwisho wa safari.

Mkazi wa uwanda wa Makonde akisoma habari hizi atatabasamu. Kusukuma, kuvuta na kubeba ndiyo yaliyokuwa maisha ya wazee wake. Uwanda ule uko juu na maji yake yako mbali chini. Vizazi kwa vizazi watu waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi. Ndugu zetu wa Visiwani nao wana sehemu katika historia hii. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi, na kutoka hapo wakaenda kwa miguu hadi Masasi, ambako walifanya maskani.

Hatusemi dhiki ile irudi. La hasha! Tena twaonya mapema kwamba kampeni yoyote ya mazoezi isimwendee mama ambaye hata leo hubeba ndoo kichwani na jembe begani. Huyo ahitaji bomba la karibu na saa ya kupumzika. Tunaosema nao ni wale ambao maendeleo yamewaondolea mzigo, nao hawakuweka kitu kingine mahali pake.

Serikali zetu hazikulala katika jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa njia ya redio na vikundi vya masomo, iliwafikia watu wapatao milioni 2 Tanzania Bara. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Zanzibar nayo imeifanya tarehe 1 Januari kuwa siku ya mazoezi ya kitaifa.

Siku hizo ni njema, lakini siku moja si desturi. Kiongozi hufika na suti mpya ya michezo, hupigwa picha, hutoa nasaha, kisha wote hurudi kwenye viti vyao. Mtu Ni Afya ilifaulu kwa sababu kikundi kilikutana tena na tena, kikajifunza, halafu kikaenda kuchimba vyoo vinavyoonekana kwa macho. Mtu wa makamo naye ahitaji kikundi cha kumngojea, tarehe ya kujiandalia, na jambo la kulimaliza mbele ya wenzake.

Kwa hiyo twatoa shauri. Masasi na Newala ni nchi ya korosho. Minada inapokwisha na mzigo ukaondoka, yapo maghala ambayo hubaki na nafasi tele, tena ni wakati ambapo mvua ingali yanyesha na uwanja wa mpira umejaa tope. Kwa nini halmashauri na vyama vya ushirika wasikubaliane kutenga ghala moja kwa mashindano ya viungo ya watu wa miaka 40 na zaidi? Mashine za Ujerumani hazihitajiki. Dumu la lita 10 likijaa maji lina kilo 10. Mfuko wa mchanga hupimwa kwa mizani ile ile ya korosho. Tairi kuukuu lililofungwa kamba latosha kuvutwa sakafuni. Badala ya kilomita 8, waanze na mizunguko mifupi ya kutembea kwa haraka.

Masharti nayo yawepo. Ghala lisiwe lile linalowekwa salfa au dawa za mikorosho, nalo lifagiliwe na kufunguliwa milango. Kila anayejiandikisha apimwe kwanza shinikizo la damu na sukari, na mwenye maumivu ya kifua au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla hajainua dumu. Maandalizi yasipungue wiki 12, mzigo ukiongezwa kidogo kidogo, maana mwenda pole hajikwai. Wanawake wapewe saa zao wakitaka, na mavazi ya heshima yasiwe kikwazo. Zawadi apewe kila amalizaye, si aliyetangulia peke yake.

Visiwani, ukumbi wa skuli watosha baada ya saa za masomo. Na itakuwa fahari iliyoje iwapo tarehe 1 Januari ingekuwa siku ya kuvuna kilichopandwa tangu Oktoba, badala ya kuwa siku ya kuanza na kusahau!

Kwa viongozi twamalizia na ombi moja. Msitoe waraka wa kuwaamuru watumishi wa chini yenu wafanye mazoezi huku ninyi mkitazama kutoka jukwaani. Jiandikisheni, mpimwe, mbebe dumu sawa na karani na tarishi. Mwananchi akimwona mkuu wake akitoka jasho Jumatatu na Alhamisi, hatahitaji hotuba. Samaki wa makamo hukunjika. Anayemkunja ni mwenyewe, na wakati wa kuanza ni wiki hii.