ALICHEKWA KWA "KUPIGA" PICHA KWA UNG'ENG'E, ILA WALIOMCHEKA NAO WANA LAO

Haya wadau, kuna klipu imetembea sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Dada mmoja mcheza ngoma wa Bagamoyo, jina linabaki kapuni, anahojiwa na mgeni pale ufukweni. Kaamka na mafua lakini kazini kaja, akaulizwa siku yake imekwendaje. Bila woga akatema ung'eng'e wake: "I drink medicine, then I beat many pictures with visitors."

Weee! Komenti zikamiminika. "Picha ilimkosea nini mpaka aipige?" "Itakuwa imelazwa." Staa mmoja wa filamu wa Dar, naye jina kapuni, akaiweka kwenye stori yake na emoji za kulia kwa kicheko.

Ukweli usemwe, sentensi ile ina makosa. Mwingereza angesema "I took medicine", na kwenye picha angesema "I took" vilevile. Neno lake moja, take, linafanya kazi mbili ambazo Mswahili kazigawa: dawa anakunywa hata kama ni kidonge, picha anapiga hata kama hakuna anayeumia. Na kupiga kwenyewe si mchezo. Mtu anapiga simu, anapiga pasi, anapiga mswaki, anapiga deki, anapiga kura, anapiga chafya, na hakuna anayekimbilia polisi.

Take nayo ina vituko vyake. "Take a seat" haina maana ubebe kiti uondoke nacho. Ndege ikipaa ni "take off", viatu ukivua ni "take off" hiyohiyo. Mtoto akifanana na mama yake, eti "she takes after her mother". Hakuna cha kuchukua hapo.

Sasa dada wa watu angejulia wapi? Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Wengi wanakariri neno moja maana moja: take ni chukua, beat ni piga, basi. Kwa hesabu hiyo yule dada alitafsiri sawasawa kabisa. Alichokosa ni kujua neno gani linatembea na neno gani.

Kinachouma ni hiki. Mzungu akifika Kaole au Mji Mkongwe akasema "nataka kuchukua picha", mtaa mzima unashangilia: "Aisee, unajua Kiswahili!" Kosa ni lilelile, kageuza tu upande. Yeye anapigiwa makofi, dada anapigiwa kelele.

Na yule staa? Siku chache baadaye kaposti ushauri wa mapenzi: "Chukua muda wako, mwisho wa siku utapata wako." Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanga! Mswahili angesema "usiwe na haraka", na mwisho wa siku kwa bibi yoyote wa pwani ni magharibi, kuku wanaingia bandani. Mbona hakuna aliyecheka? Kwa sababu kukosea Kiswahili kwa kuiga Kiingereza kunaonekana ujanja, ila kukosea Kiingereza kwa kufuata Kiswahili kunaonekana ushamba.

Utani ni utani, lakini umekula riziki ya mtu. Kundi lingine la wageni lilipokuja, dada aliombwa atoke mbele awasalimie, akamsukumia mwenzake. Mwenzake ndiye aliyeondoka na tipu, na ndiye aliyeombwa namba kwa ajili ya shoo nyingine. Bagamoyo ni mji wa TaSUBa, mji wa ngoma na wageni. Msanii akiogopa kufungua mdomo, kipaji kinabaki miguuni tu.

Anayejua zaidi aingie DM amwambie kistaarabu: "Dada, picha kwa Kiingereza ni take a picture." Na anayejifunza aache kukariri neno likiwa peke yake, alikariri na wenzake: take a picture, take medicine, take a seat. Lugha inajulikana kwa kuongea, na anayeongea lazima akosee kwanza.

Haya, wewe umewahi kuchekwa kwa sentensi gani? Dondosha komenti hapo chini. Ila atakayemcheka mwenzake, aanze kwanza na Kiswahili chake.