Walimu Tusilazimishane Mwendo

Tangu mtaala mpya wa sekondari uanze mwaka 2020, mwalimu wa Uganda hawezi tena kujifungia na somo lake. Kazi za mradi na tathmini ya darasani, yenye asilimia 20 ya alama za mwisho, zinatutaka tupange pamoja.

Hapa Bwera nafundisha Kiswahili, na huandika andalio la somo mapema, hatua kwa hatua. Mwenzangu wa kilimo huandika kidogo. Huwapeleka wanafunzi sokoni Mpondwe, mpakani, wakaulize bei ya maharage, ndipo somo lianze. Mwingine, aliyehamia kutoka Kasese mjini, hunyamaza kikaoni, lakini si kwa dharau. Hutafakari, kisha huleta maswali ambayo hakuna aliyeyawaza.

Wapo wanaodai sote tufuate utaratibu mmoja. Nasema hapana. Tukubaliane lengo, tarehe na vigezo vya kusahihisha. Njia ya kufika aachiwe mwalimu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole navyo havilingani. Wakuu wa shule, pimeni kazi yetu kwa kile mwanafunzi anachoweza kufanya.