Injini Ndogo Yahitaji Uwanja

Mwaka 2014 magazeti ya nje yaliandika habari za George Mel, kijana wa Juba aliyeunda ndege nyepesi nyumbani kwao, kiti cha bustani kikiwa ndicho kiti cha rubani. Rai yangu ni kwamba vijana wenye mikono kama yake waanze na ndege ndogo ya petroli inayoongozwa kwa redio, nao wapewe mahali pa kuirushia.

Usidhani ni mchezo wa watoto. Injini yake ya mipigo miwili hutumia petroli iliyochanganywa na oili, na kabureta ina skrubu mbili: ya mwendo wa chini na ya mwendo wa juu. Ukiikaza mno hii ya pili, mafuta hupungua, injini huchemka na huweza kukwama angani. Ukiilegeza mno, hutoa moshi na kukosa nguvu. Tena hewa ya Juba huwa nyepesi kwa joto la mchana, hivyo kipimo cha asubuhi huenda kisifae saa nane. Fundi wa bodaboda pale Konyo Konyo angekuelewa mara moja.

Lakini mji huu ulisikia milio ya vita mwaka 2013 na 2016. Mngurumo usiojulikana juu ya paa si jambo dogo kwa mama aliyekimbia na watoto. Kurusha bila kuwaarifu majirani ni kukosa uraia mwema. Kurusha karibu na uwanja wa ndege ni hatari tupu. Hata hivyo, kukataza tu ni uvivu. Wenye mamlaka watenge uwanda nje ya mji, watangaze saa, na masharti wayaandike kwa lugha anayoisoma kijana wa gereji.