Kupima ruksa, skrubu usiguse

Nimerudi Mlimani jana usiku, mgongo bado unalia na basi la kutoka Mwanza. Nilitaka nilale, lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu likizo, ngoja nikiteme.

Nyumbani kwetu ni Nassa, kule Busega, barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Wazee wengine bado wanasema sisi ni watu wa Magu, maana mkoa wa Simiyu umeanza 2012 tu. Mwezi wa saba kule ni pamba, pamba, pamba. Na penye pamba pana ugomvi wa mizani.

Mimi nikajifanya mtaalamu. Nikaazima mizani ya kidijitali yenye tundu la waya, nikaichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani yenye Ubuntu, ili baba mdogo apime mzigo wake kabla ya kuupeleka kuuza. Programu yangu ikagoma: hairuhusiwi kufungua /dev/ttyUSB0. Nikampigia mshkaji mmoja wa darasani. Akacheka, "Weka 666 mwanangu, utaishia kuhangaika bure." Nikaweka. Ikakubali. Nikajiona bingwa!

Sasa hiyo 666 ina maana gani? Kwenye Linux kifaa huonekana kama faili. Keneli ndiyo inayoongea na chuma, na wewe ukitaka kukigusa unafungua faili yake. Hapo mlangoni keneli inaangalia wewe ni nani: mwenye faili, mwanakikundi, au mpita njia. Waya kama ule kwa kawaida ni wa root na kikundi cha dialout, wengine hawana chochote. Nilipoweka 666 nilimwambia keneli: yeyote aingie, asome na aandike.

Mdogo wangu wa kidato cha tatu ana akaunti yake humohumo. Akafungua programu ya kuongea na waya, akabonyeza herufi hovyohovyo. Mizani ile ikipokea T, chochote kilicho juu yake inakihesabu kuwa sifuri. Na juu yake kulikuwa na ndoo ya maji, kilo 6. Ndoo ikatolewa, gunia likapanda na kuziba kioo cha mizani. Kompyuta ikasema kilo 38. Tukaandika 38. Kwenye kununulia pamba likasoma 44!

Baba mdogo hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, kumbe mwizi nilikuwa naye nyumbani." Jamani, niliona aibu mpaka ugali ukanishinda.

Najua mtasema kitufe cha kurudisha sifuri kipo kwenye mizani yenyewe, kila mtu anaweza kukibonyeza. Kweli. Lakini anayekibonyeza pale anaonekana na foleni nzima. Mimi niliufungua mlango wa nyuma, mtu anarekebisha mizani akiwa amekaa sebuleni.

Na hapa ndo hoja yangu. Wakulima wetu wameshalielewa hili kuliko sisi wa kompyuta. Wakala wa Vipimo wakikagua mizani wanaweka stika na lakiri. Kupima ni haki ya kila mtu, lakini sehemu ya kurekebishia imefungwa. Hakuna anayelalamika kwamba lakiri inamnyima uhuru. Lakiri ndiyo inayomlinda.

Sisi chuoni tukikutana na "hairuhusiwi" tunaona keneli inatuonea. Dawa zetu ni mbili, sudo kwa kila kitu au 666. Yaani mtu anaomba kuwasha taa, unampa funguo za nyumba. Fanya hivyo kwenye /dev/sda uone: yeyote mwenye akaunti anaweza kusoma diski nzima, hata faili ulizozificha.

Wengine wanasema root ni mwenye mashine, aachwe. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba root akifuta faili zote, baadhi ya laptopu haziwaki tena kabisa, kwa sababu mipangilio ya kuwashia iliyo kwenye ubao wa mashine nayo ilionekana kama faili, ikafutika pamoja. Keneli toleo la 4.5 ikaja na kufuli: mipangilio mingi ya aina hiyo haifutiki mpaka root aifungue kwanza kwa makusudi. Hata mwenye nyumba anahitaji kuulizwa, "Una uhakika?"

Nilivyorekebisha: nikaandika kanuni ya udev, waya ule ukichomekwa uwe wa kikundi kimoja tu. Ndani ya kikundi hicho kuna mtumiaji mmoja, programu yangu. Yeye anasoma uzito na kuuandika kwenye faili, wengine wote wanaisoma faili hiyo. Dogo anaangalia kilo mpaka achoke, ila herufi T haifiki kwenye mizani. Mistari miwili mitatu, nusu saa.

Nusu saa hiyo ningeitumia mapema, baba mdogo asingeniita mwizi.

Haya, wa 666 jiteteeni. Nawasilisha.