Mwenye Mwili Hajaulizwa

Lipo neno ambalo ndimi za pwani na za mlimani hulitumia kwa wepesi mno: "amekata tamaa". Mgonjwa wa saratani aliyekwisha kupelekwa mara mbili Ocean Road, Dar es Salaam, akirejea Mlalo au Mtae na kusema kuwa safari ya tatu haitaki, hubandikwa neno hilo kabla hajamaliza kusema. Washairi nao hawakusalimika. Katika tungo nyingi za maombolezo marehemu ni askari na maradhi ni adui. Aliyeweka silaha chini hana ubeti wake. Hii ni dhulma, tena iliyovaa kanzu ya mapenzi.

Na itazamwe hali yenyewe. Kutoka Lushoto barabara hushuka kona kwa kona, kiasi cha kilomita 33, hadi Mombo. Hapo ndipo safari ya Dar es Salaam huanza hasa. Tiba ya mionzi huweza kuchukua wiki kadhaa, na kila siku ina chakula chake na malazi yake. Shamba huuzwa. Ajabu ni kwamba kikao cha kuliuza huketi chumba cha mbele, na mwenye mwili amelala chumba cha nyuma, akisikia sauti zikipanda na kushuka. Wajomba wamesema, mkwe amesema, hata jirani ana lake. Yeye ameambiwa ana vidonda vya tumbo.

Watetezi watasema hiyo ndiyo desturi ya Washambaa: ugonjwa ni wa ukoo. Ni kweli kwamba Steven Feierman, mwanahistoria aliyeitafiti Usambara tangu miaka ya 1960, ameeleza jinsi jamaa wanavyoshika hatamu za matibabu. Lakini ni yeye pia aliyeandika, katika *Peasant Intellectuals* (1990), juu ya *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na kinyume chake, *kubana shi*, kuiharibu. Nchi huharibika pale nguvu zinaposhindana na hakuna yenye kauli. Basi mwili unaovutwa na hospitali, mganga na wajomba, kauli yake ni ya nani? Desturi ikisomwa vizuri haiwasaidii watetezi wake.

Anayetaka kwenda mara ya tatu na aende. Ila anayekataa, kisha akaachwa alie usiku kucha kwa maumivu, hakuchagua kitu. Mofini ya kunywa si anasa. Nchini Uganda, ambako Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, hutengenezwa ya maji kutokana na unga, na mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa waliruhusiwa kisheria kuiandika. Karibu zaidi, Muheza, chini ya Usambara ya Mashariki, Hospitali Teule ilianza huduma ya hospisi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hodari wa kuchangisha nauli wangekuwa hodari vilevile wa kudai dawa hiyo ifike kila penye mgonjwa mlimani.

Kikao na kiketi, lakini kiketi kando ya kitanda chake, na ugonjwa utajwe kwa jina lake. Wajomba wataanza kusema akishamaliza yeye.